Sheli kuuza bia: madiwani hawaamui mnachodhani wanaamua

Juzi nimetumiwa tena ujumbe wa sauti, mrefu, wa mtu ninayemheshimu: "Kaka, si wewe ndiye mtu wa leseni? Sheli ya hapa mtaani wamepewa kibali cha kuuza pombe. Uingereza sheli haziruhusiwi kuuza pombe, kila mtu anajua. Hao madiwani wamekatiwa chao." Ujumbe huu nimeshaupokea kwa sauti za watu wengi na kutoka miji mingi, na kujibu mmoja mmoja kumenichosha. Naujibu hapa. Atakayeuliza tena nitamtumia kiungo, salamu zifuate baadaye.

Kazi yangu ni kuandaa maombi ya leseni za vileo kwa wenye maduka hapa England, na kusimama nao mbele ya jopo la madiwani mambo yakikaza. Kwa hiyo nitasema ya England na Wales. Scotland wana sheria yao, nitaigusa kidogo.

Sheria ni Licensing Act ya 2003, iliyoanza kufanya kazi kikamilifu Novemba 2005, na kifungu cha kusoma ni cha 176. Kisome mwenyewe, ni kifupi. Ukiacha vituo vya kwenye motorway (barabara kuu za mwendo kasi), ambavyo kinavikataza moja kwa moja, hakuna mahali kinaposema sheli isiuze pombe. Kinasema leseni haina nguvu kwenye eneo ambalo matumizi yake makuu ni gereji. Halafu kinaeleza gereji ni nini: mahali panapouza petroli, au dizeli ya magari, au magari yenyewe, au panapotengeneza magari. Basi. Ukiwa na pampu nne nje na duka kubwa ndani, swali ni moja tu: watu wanakuja hapo kufanya nini hasa?

Na hapo ndipo ninapopandwa na presha, kwa sababu kila mtu, hata mhasibu wa mteja wangu, anakimbilia pesa. "Mafuta ndiyo yanaleta asilimia kubwa ya mauzo, kwa hiyo ni sheli." Jamani! Mtu akijaza tangi la pauni 60 na mwenzake akanunua maziwa ya pauni moja na nusu, kwa hesabu ya pesa maziwa hayatashinda mpaka kiama. Mahakama za hapa hazikwenda njia hiyo. Zinaangalia ukubwa wa matumizi, yaani wateja wangapi wanatumia kila upande, wa mafuta na wa duka, na mwongozo wa serikali ukafuata hapo hapo. Zinahesabiwa risiti, pauni zinawekwa pembeni.

Kwa hiyo naomba ripoti ya kaunta, miezi kumi na miwili kama ipo, na risiti nazigawa mafungu matatu: waliolipia mafuta tu, waliolipia vitu vya dukani tu, na waliolipia vyote kwa mkupuo mmoja. Anayelipa kwa kadi palepale kwenye pampu na kuondoka bila kukanyaga dukani ni wa fungu la kwanza. Msimfiche, afisa wa leseni atamtafuta huyo kabla ya wote.

Tuchukue namba za mfano. Wateja 1,000 kwa siku: 380 mafuta tu, 420 duka tu, 200 vyote viwili. Sasa niambie, ni gereji au ni duka? Ukiwatupa wale 200 upande wa mafuta, unapata 580 kwa 420, hiyo ni gereji na leseni haina kazi. Ukiwaacha nje, ni 380 kwa 420, duka limepita. Ukiwahesabu pande zote mbili, kwa kuwa kweli wametumia pande zote mbili, ni 580 kwa 620, duka limepita tena. Risiti ni zilezile, jibu linageuka kwa namna ulivyowapanga watu 200 walioshika nozeli kwa mkono mmoja na mkate kwa mwingine.

Mimi huwahesabu pande zote mbili, na nina hoja zangu. Lakini nikikwambia hiyo ndiyo hesabu pekee ya halali nitakuwa nakudanganya. Mtu akija kwa ajili ya mafuta, akaona chokoleti akiwa kwenye foleni ya kulipa, je, ametumia duka kwa uzito sawa na mama aliyetembea kwa miguu kuja kununua nepi? Nikiwa mwakilishi wa mwombaji nasema ndiyo. Nikiwa nakunywa chai nyumbani, sina uhakika. Ndiyo maana namba zikikaribiana namshauri mteja asikopeshe benki kwa kutegemea pombe... samahani, asikope benki. Mnaona hasira inavyonifanya.

Jambo lingine: matumizi hubadilika. Ukipata leseni leo, kisha mwakani barabara ikafungwa, wapita kwa miguu wakapotea na wakabaki wa pampu tu, karatasi yako itabaki ukutani ila haitakuwa na nguvu, na kila kopo utakalouza ni kuuza bila kibali, ambalo ni kosa la jinai. Endelea kutunza ripoti.

Baraza likitilia shaka lina njia mbili: kutoa leseni na kushughulika nawe baadaye kwa ukaguzi, au kuahirisha mpaka ulete takwimu. Kampuni ya mafuta ya Murco iliwahi kubishana na baraza la jiji la Bristol juu ya kudaiwa takwimu hizo, na mwaka 2010 Mahakama Kuu ikasema baraza lilikuwa na haki ya kuzidai. Tangu hapo mteja anayeniambia "namba zangu ni siri ya biashara" namwambia basi na pombe iwe siri.

Sasa madiwani. Tangazo la rangi ya bluu hafifu hubandikwa nje kwa siku 28. Kama ndani ya siku hizo hakuna polisi, jirani wala mtu mwingine aliyeleta pingamizi linalokubalika, leseni hutolewa na afisa ofisini. Diwani hata halioni faili. Huyo mnayesema amekatiwa chake huenda alikuwa likizo kisiwani Tenerife. Pingamizi likija ndipo jopo la watatu hukaa, na hupima mambo manne tu: uhalifu na fujo, usalama wa umma, kero kwa umma, na kuwalinda watoto. "Maduka ya pombe yameshatosha" haimo, isipokuwa baraza liwe na sera rasmi ya kuzuia mlundikano wa maduka ya pombe kwa eneo hilo. Afya haimo pia. Hiyo ni ya Scotland, wenye jambo la tano.

"Na walevi wanaoendesha je?" Linaingia chini ya uhalifu, lakini lazima ulete kitu kuhusu sheli hiyo, barabara hiyo. Kusema tu kwamba gari na bia havipatani hakutoshi. Supamaketi zenye pampu kwenye maegesho zinauza mvinyo rafu kwa rafu na hakuna anayenitumia ujumbe wa sauti. Kusema kweli, hesabu ya kifungu 176 haipimi hatari yoyote ya barabarani. Inapima foleni ya kaunta. Ukiniuliza kama ndivyo ningeiandika sheria, hapana.

Scotland inachekesha zaidi. Kule gereji hukataliwa vivyo hivyo, ila ikiwa wakazi wanakutegemea kwa kiasi kikubwa kama chanzo chao kikuu cha mafuta au cha vyakula, unaruhusiwa kuomba. Yaani kijiji kisichokuwa na pampu nyingine ndicho kinachokufungulia mlango wa kuuza wiski.

Kinachonikosesha usingizi siku hizi ni umeme. Rudi kwenye ile orodha: petroli, dizeli, kuuza magari, kutengeneza magari. Kuchaji hakutajwi. Eneo lenye chaja kumi na mbili na mgahawa, ambako dereva anakaa nusu saa akisubiri betri, kwa maandishi yalivyo si gereji kabisa. Anaweza kuwekewa bia mezani wakati gari linajaa. Wateja wawili wameshaniuliza, na jibu langu la kwanza kwa wote lilikuwa swali: kuna pampu hata moja ya dizeli mtakayobakiza?