Leseni ya Jimbo ya Uvuvi na Uwindaji ni Nini? Mfano wa Texas

Nchini Marekani, leseni ya uvuvi au ya uwindaji ni idhini ambayo jimbo humpa mtu mmoja, kwa jina lake na kwa muda maalumu, ya kujaribu kumpata samaki au mnyama ambaye bado ni mali ya umma. Maneno mawili katika maelezo hayo yanahitaji kushikwa vizuri, nayo ni "mtu" na "kujaribu". Leseni humhusu mtu: humtambulisha kwamba amelipa, kwamba ana umri fulani, kwamba ni mkazi au si mkazi wa jimbo. Haisemi ni samaki yupi, wa urefu gani, wangapi, kwa zana ipi, wala katika ardhi ya nani. Hayo yote yana kanuni zake, na maswali mengi ambayo Waswahili wa Houston, Dallas na Abilene huulizana juu ya jambo hili hutokana na kudhani kwamba aliyekwisha kulipa leseni amekwisha kuruhusiwa yote.

Inafaa kwanza kueleza kwa nini mamlaka yenyewe ni ya jimbo, si ya serikali ya shirikisho iliyoko Washington. Sheria ya Texas inatamka kwamba wanyama wote wa mwituni na ndege wote wa porini walio ndani ya mipaka ya jimbo ni mali ya watu wa jimbo hilo. Wazo hili ni la kale. Mwaka 1842 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Martin dhidi ya Waddell, iliyohusu maeneo ya chaza katika ghuba ya Raritan huko New Jersey, ikasema kwamba haki alizokuwa nazo mfalme wa Uingereza juu ya maji hayo na ardhi iliyo chini yake ziliwaangukia watu wa jimbo baada ya mapinduzi, wala hazikuwa za mtu binafsi. Kutokana na msingi huo, kila jimbo kati ya yote 50 lina idara yake, kanuni zake na leseni zake, na leseni ya Texas haina nguvu yoyote Oklahoma.

Katika Texas, idara inayohusika ni Texas Parks and Wildlife Department. Mvuvi anayetumia mshipi anahitaji leseni akiwa na umri wa miaka 17 au zaidi. Aliye chini ya umri huo amesamehewa, na vilevile mtu aliyezaliwa kabla ya tarehe 1 Januari 1931. Kuna nafuu nyingine ambayo wageni wengi hawaijui: anayevua akiwa ukingoni au kwenye gati ndani ya hifadhi ya burudani ya jimbo hahitaji leseni, ingawa kanuni za idadi na urefu wa samaki humfuata huko huko. Familia ambayo haina hakika kama uvuvi utaipendeza inaweza kuanzia hapo, au ikangoja Jumamosi ya kwanza ya Juni, siku ambayo kila mtu huruhusiwa kuvua bila leseni. Uwindaji hauna msamaha wa aina hiyo, kwani hata mtoto lazima awe na leseni yake, ambayo bei yake ni ndogo.

Leseni huuzwa mtandaoni na katika maduka ya vifaa vya michezo na uvuvi. Mwaka wake huanza tarehe 1 Septemba na kuisha tarehe 31 Agosti, kwa hiyo aliyenunua leseni ya kawaida mwezi wa Julai ataitumia wiki chache tu. Ipo leseni nyingine, ghali kidogo, inayohesabiwa miezi 12 tangu siku ya kununua, nayo humfaa zaidi anayeanza katikati ya kiangazi.

Swali la ukazi huleta utata zaidi ya lilivyo gumu. Kwa Texas, mkazi ni mtu aliyeishi humo mfululizo kwa zaidi ya miezi 6 kabla ya kuomba. Hili halihusiani na uraia. Mkimbizi aliyetoka Bukavu ambaye amemaliza mwaka mmoja Fort Worth ni mkazi, na raia wa Marekani aliyehamia juzi kutoka Ohio si mkazi bado. Tofauti ya bei si ndogo. Leseni ya jumla ya uwindaji imekuwa dola 25 kwa mkazi na dola 315 kwa asiye mkazi. Watu wa Minnesota waliwahi kulalamikia jambo la namna hiyo: wawindaji wa huko walikwenda kuwinda kulungu mkubwa aitwaye elk katika jimbo la Montana, wakaona wanatozwa mara nyingi zaidi ya wenyeji, wakaishtaki idara ya wanyamapori. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu iliwakatalia, ikasema kwamba uwindaji wa burudani si riziki ya lazima, na kwamba jimbo linaweza kuwapendelea watu wake ambao kodi zao ndizo zinazowatunza wanyama hao.

Wengine hushtuka wanapoombwa namba ya hifadhi ya jamii (Social Security) dukani kwa ajili ya leseni ya samaki, wakahofu kuibiwa utambulisho. Ombi hilo ni halali. Sheria ya shirikisho ya miaka ya 1990 iliyaagiza majimbo kuandika namba hiyo kwenye maombi ya leseni, zikiwamo za burudani, ili kumbana mzazi anayekwepa kulipa matunzo ya watoto wake. Ndoana na matunzo ya watoto ni vitu ambavyo mtu hangetazamia kuvikuta katika fomu moja, lakini ndivyo ilivyo.

Sasa tuwaangalie samaki wenyewe, kwani hapa ndipo leseni inapoishia na kanuni nyingine zinapoanza. Asubuhi moja ya Oktoba nilikuwa kwenye mawe ya kukinga mawimbi Galveston, nikimtazama mzee mmoja wa Uvira, aliyekulia kando ya Ziwa Tanganyika, akipambana na redfish kwa muda mrefu. Huyu ni samaki wa rangi ya shaba mwenye doa jeusi karibu na mkia, na wavuvi wa pwani ya Texas humthamini kuliko karibu wote. Alipomtoa, kijana aliyekaa jirani naye alileta ubao wa kupimia, akamlaza samaki ubavu, akamfunga mdomo, akazibana ncha mbili za mkia zikutane, akasoma inchi 29 na ushei. "Mzee, huyu lazima arudi," akasema. Mzee akamtazama kama anayesikia kichekesho. "Arudi wapi? Huyu si mdogo, huyu ni mkubwa!"

Ukubwa wenyewe ndio uliokuwa tatizo. Redfish anayeruhusiwa kubebwa ni yule wa kuanzia inchi 20 hadi 28, yaani takriban sentimita 51 hadi 71, na kwa siku mtu huchukua watatu tu. Aliye chini ya kiwango hajakua, na aliye juu ya kiwango ndiye mzazi anayekwenda kutaga mayai Ghuba ya Meksiko. Leseni ya maji ya chumvi huja na lebo moja inayomruhusu mvuvi kumbeba mkubwa mmoja, lakini mzee yule alikuwa ameshaitumia mwezi wa Septemba. Basi leseni yake ilikuwa hai, aina ya samaki ilikuwa halali, na hakuwa amevua mwingine siku ile, na bado samaki alirudishwa majini.

Jambo hili si geni kwetu kama linavyoonekana. Katika Ziwa Victoria, kwa miaka mingi sangara aliyeruhusiwa alikuwa wa sentimita 50 hadi 85, na sababu ilikuwa ile ile ya kuwaacha wadogo wakue na wazazi wazae. Mtu wa Mwanza au Kisumu aliyewahi kuona rula kwenye mwalo ameshaielewa nusu ya kitabu cha kanuni za Texas. Tofauti ni kwamba huku rula humsubiri hata anayevua wa kitoweo peke yake.

Mbali na kikomo cha siku, kipo kikomo cha kumiliki, ambacho kwa kawaida ni mara mbili ya kikomo cha siku. Maana yake ni kwamba samaki waliomo katika jokofu la safari bado wanahesabiwa. Mtu hawezi kukaa kambini siku tano akirundika kikomo cha kila siku. Kanuni hizi hubadilika, na aliyezikariri miaka michache iliyopita asijiamini. Baada ya baridi kali ya Februari 2021 kuua mamilioni ya samaki katika pwani ya Texas, kikomo cha trauti mwenye madoa, samaki mwingine wa pwani hiyo, kilibanwa, na tangu mwaka 2024 ni watatu kwa siku, wa inchi 15 hadi 20.

Zana nazo zina habari yake. Kimia, wavu ule wa kurushwa ambao kila mtoto wa pwani anaujua, kinaruhusiwa kwa samaki wa kawaida na wa chambo, lakini samaki wa michezo (game fish), yaani wa aina ambazo sheria imezitenga kwa uvuvi wa burudani, kama redfish, akinaswa humo lazima aachiwe, hata kama urefu wake umetimia. Wavu wa kutega hauruhusiwi kabisa katika maji ya pwani. Nimesikia watu wakiuliza kama wanaweza kuvuta kokoro dogo "la familia tu". Wavu mdogo wa kukokota upo katika kanuni, lakini kwa kuvua chambo na samaki wasio wa michezo tu.

Kwa upande wa uwindaji, leseni huambatana na masharti mawili makubwa. La kwanza ni mafunzo ya usalama, ambayo ni lazima kwa kila aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1971 au baadaye. La pili ni lebo: leseni ya uwindaji huja na lebo za kulungu na za bata mzinga wa mwituni, na mwindaji anapomwangusha kulungu hukata mara moja tarehe na mwezi kwenye lebo na kuifunga kwa mnyama kabla ya kumbeba popote. Lebo isiyokatwa ni kosa, hata kama kila kitu kingine ni sawa.

Kisha lipo suala la ardhi, na hapa ndipo mgeni anaweza kuingia hatarini kweli. Sehemu kubwa mno ya ardhi ya Texas, zaidi ya asilimia 90, ni ya watu binafsi. Kulungu ni wa umma, lakini ardhi anamosimama ina mwenyewe, na leseni haimpi mtu ruhusa ya kuikanyaga. Mwenye ardhi naye anahitaji leseni ili amwinde kulungu huyo huyo shambani kwake. Mtu asitegemee kuona bango la kukataza. Ukikuta mistari ya wima ya rangi ya zambarau kwenye miti au nguzo za uzio, kimo cha kiuno hadi kifuani, hiyo kisheria ni sawa na bango lililoandikwa "usiingie". Upo msamaha mmoja wa leseni unaostahili kutajwa: tangu mwaka 2019, nguruwe waliogeuka wa mwituni, ambao huharibu mashamba vibaya, wanaweza kuwindwa bila leseni katika ardhi binafsi, mradi mwenye ardhi ameridhia.

Serikali ya shirikisho haiko nje kabisa ya mambo haya. Ndege wanaohama hulindwa na sheria ya mwaka 1918, kwa sababu hawajui mipaka ya majimbo wala ya nchi, hivyo mwindaji wa bata mwenye umri wa miaka 16 au zaidi hununua, juu ya leseni ya jimbo, stempu ya shirikisho ya dola 25, na fedha hizo hununulia ardhi oevu. Baharini, mamlaka ya Texas hufika maili 9 za baharini kutoka ufukweni, wakati majimbo mengi huishia 3. Ng'ambo ya hapo kanuni ni za shirikisho. Na samaki au mnyama aliyepatikana kinyume cha sheria ya jimbo moja akivushwa kwenda jingine, kosa hugeuka kuwa la shirikisho chini ya sheria ya mwaka 1900 iitwayo Lacey Act.

Wapo wanaoiona leseni kama kodi nyingine tu. Ukweli ni kwamba jimbo likitaka kupata mgawo wake wa ushuru wa shirikisho, ule wa bunduki na risasi unaogawiwa majimbo kwa sheria ya mwaka 1937, na ule wa vifaa vya uvuvi kwa sheria ya mwaka 1950, linalazimika kutumia ada za leseni kwa kazi za idara ya samaki na wanyamapori peke yake. Mimi huona hoja hii ina uzito kuliko onyo lolote la faini.

Swali la mwisho huja kwa sauti ya chini: samaki wakizidi, je, mtu anaweza kuwauza kanisani au kwa majirani? Hapana. Leseni hii ni ya burudani na kitoweo. Kuuza kuna leseni nyingine ya kibiashara, na redfish na trauti waliovuliwa katika maji ya Texas wamepigwa marufuku kuuzwa tangu mwaka 1981. Kugawa kunaruhusiwa, kwa utaratibu wake. Anayempa jirani samaki wenye kikomo, au paja la kulungu, humwandikia karatasi yenye jina lake, anwani, saini na namba ya leseni yake, jina la anayepokea, aina na idadi ya alichotoa, tarehe na mahali kilipopatikana. Karatasi hiyo husafiri pamoja na kitoweo ndani ya sanduku la barafu mpaka kifike jikoni kwa jirani.