Hizi seli T hazingoji barua ya LC

Juzi hapa maabara Tororo, mashariki mwa Uganda, alikuja mama na watoto wake wawili, mkubwa yuko P.6, yaani darasa la sita, huyo anacheka tu anakula embe yake, homa hana hata kidogo, lakini kuangalia slaidi yake nkakuta vimelea vya malaria kibao. Mdogo wake vimelea vichache tu na yuko hoi mgongoni. Mama akaniuliza, "Musawo (daktari), mbona huyu mwenye wengi ndo anacheza mpira?" Foleni ilikuwa ndefu nkamjibu nusunusu, sasa wacha nijieleze vizuri.

Seli T ni askari wa kinga kwenye damu, na nyingi mnazosikia habari zake zinafanya kazi kama ofisi ya LC1, yaani mwenyekiti wa kijiji kwetu Uganda, bila barua yenye muhuri husikilizwi. Yaani seli nyingine lazima iiletee kipande cha protini ya mdudu kikiwa kimekalia molekuli za HLA, ambazo ni kama sahani juu ya seli, na kama sio kipande inachokijua inapita zake. Hata ikikijua, mara ya kwanza inabidi izaliane kwanza, siku kadhaa zinapita. Na HLA zinatofautiana sana mtu na mtu, muhuri wa kijiji chako sio wa kwangu.

Sasa kuna kundi lingine la seli T, linaitwa gama-delta. Kwenye damu ya mtu mzima wengi wao ni aina ya gama 9 delta 2, asilimia chache tu ya seli T zote. Hao barua hawaitaki, wananusa moshi. Moshi wenyewe ni kimolekuli kidogo kinaitwa HMBPP, wala sio protini, bakteria wengi wanakitengeneza, wa TB wamo, na kimelea cha malaria pia. Mwili wetu haukitengenezi, kwa hiyo kikionekana ujue kuna mgeni. Sisi tunacho kinachofanana nacho, IPP, ila nguvu yake ni ndogo mara maelfu.

Hapa ndo napapenda. Seli T iko nje, HMBPP iko ndani ya seli iliyovamiwa, itajuaje? Kuna protini inaitwa butirofilini 3A1, imepita kwenye ukuta wa seli, kichwa nje mkia ndani. HMBPP inanasa kwenye mkia, halafu 3A1 inashikana na mwenzake butirofilini 2A1, na huyo 2A1 ndo risepta, yaani kipokezi, ya seli T inamgusa kwa nje. Ni kama mtu amefungiwa na mwizi ndani akavuta pazia kidogo, jirani akiliona limehama anajua kumeharibika. Kazi ya 2A1 ilikuja kujulikana 2020 tu, na timu za Australia na Uingereza, moja ya sababu za kuchelewa ni kwamba panya hawana hizi seli, banange, panya wote wale wa maabara!

Zikiamka, zinamwaga interferoni gama na TNF, kemikali za kupiga kengele mwilini, zinatoboa seli zenye wadudu. TNF ni mmoja wa wanaoleta homa, kumbuka hilo.

Maana utafiti wa watoto wa hapahapa Tororo, uliochapishwa 2014, ulikuta waliougua malaria mara nyingi wana gama-delta hizi chache, zilizobaki nazo zinaitikia kivivu, na watoto hao ndo wenye uwezekano zaidi wa kubeba vimelea bila dalili. Hiyo haithibitishi moja kwa moja kwamba hii ndo sababu ya ile, ila mi naona inaeleweka, king'ora kimelia sana mpaka kimechoka, TNF ikiwa kidogo homa nayo inakuwa kidogo. Ndo maana wale wanaouza "dawa ya kuongeza kinga" kwenye teksi huwa nawauliza, kinga ipi? Wananyamaza.

Yule wa P.6 nilimwandikia aende apewe dawa kama mdogo wake, kwa sababu mbu akimuuma, huyo mbu anaweza kuchukua vimelea akavipeleka kwingine. Alinuna, alikuwa na mechi jioni.