Mwani wa maji baridi: waujuaje kwa macho na kijiti tu

Ule ukijani unaoota kwenye birika, kwenye jabia au mdomoni mwa kisima, sisi Lamu twauita mwani tu basi, lakini si kitu kimoja. Ni viumbe vingi mbalimbali, vingine havina hata ujamaa, ila vyote vyajitengenezea chakula kwa jua. Na si lazima uwe na hadubini ndio ujue ni kundi gani, rangi, umbo na harufu zatosha kuanzia.

Chukua kijiti, tia majini, inua. Kikitoka na nyuzi ndefu zinaning'inia, huo ni mwani wa nyuzi. Ukiufikicha, ukiwa kijani kibichi na wateleza sana, aghlabu ni spirogira, ukiwa wakwaruza na nyuzi zina matawi, yaelekea ni kladofora. Hizi hazina neno sana, zaziba mifereji tu na zikioza zanuka.

Sasa kijiti kikitoka kimepakwa kama rangi ya mlango, nyuzi hakuna, hapo usitie mkono kabisa. Hizo huenda ni sayanobakteria, ambazo kwa kweli ni bakteria ila zimezoeleka kuitwa mwani, zapenda maji yaliyotuama, joto, na mbolea inayosombwa na mvua kutoka mashambani, kwa hivyo ndugu zangu wa Mpeketoni wenye mabwawa karibu na shamba muwe macho sana. Baadhi yazo zina sumu ya kuharibu ini, na kuchemsha maji hakuiondoi!

Ukitaka kuhakikisha kidogo, vaa glavu, teka maji kwa chupa nyeupe inayoonyesha ndani, ifunge, iweke kwa friji usiku kucha bila kuitikisa. Ukijani ukipanda juu shuku sayano, manake seli zake nyingi zina vijipovu vya hewa vya kuelea, ukizama chini yaelekea ni mwani wa kawaida.

Utando wa kahawia unaoteleza juu ya mawe mara nyingi ni diatomu, aina ya mwani mdogo sana. Na vile vijani vidogo vinavyoelea na kijimzizi chini si mwani, ni mmea.

Lakini sayano yenye sumu na isiyo na sumu zafanana, hata kwa hadubini huwezi kuzitenga, mpaka maji yapimwe maabara. Kabla ya hapo hata punda asinyweshwe.