Kivuli cha Dunia Hakiumegi Mwezi

Kila ninapoweka darubini uwanjani kuwaonyesha watu anga, hakosi kutokea mtu atakayeutazama nusu mwezi kisha aseme kwa uhakika kwamba sehemu ile yenye giza ni kivuli cha Dunia. Juzi aliyesema hivyo alikuwa mwalimu wa sekondari, na wanafunzi waliomzunguka wakaliandika jambo hilo madaftarini kabla sijafungua kinywa. Nimeisahihisha dhana hii mara nyingi mno, mbele ya watoto na mbele ya watu wazima, na safari hii nimeona niijibu kwa maandishi.

Mwezi hauna nuru yake. Nusu yake iliyoelekea Jua huwa imeangazwa, na nusu iliyolipa Jua mgongo huwa gizani. Katika siku 29 na nusu, tangu unapoandama hadi unapoandama tena, Mwezi huizunguka Dunia, nasi huitazama ile nusu yenye nuru kutoka pembe mbalimbali: siku za mwanzo twauona ukingo wake tu, baada ya wiki moja twaiona sehemu yake, na Mwezi ukipevuka twaiona yote. Giza linalobaki ni usiku wa Mwezi wenyewe. Hakuna kitu kilichouzibia.

Asiyesadiki na achukue limau. Siku ya saba baada ya mwezi kuandama, mnamo saa kumi alasiri, Mwezi huwa umekwisha kupanda juu upande wa mashariki na Jua bado lawaka magharibi. Simama juani, nyoosha mkono wenye limau kuelekea Mwezi hadi machoni viwe karibu kugusana, kisha utazame: upande wa limau unaong'aa ni ule ule unaong'aa mwezini, na mpaka wa nuru na giza umeinama kwa namna moja katika vyote viwili. Limau halikufunikwa na kivuli cha kitu kingine. Mwili wake wenyewe ndio ulioinyima nuru sehemu ya pili. Tena Jua na Mwezi vyote viwili viko juu ya upeo wa macho, na Dunia iko chini ya nyayo zako. Itawezaje kusimama kati yake? Zoezi hili nalithamini kuliko michoro yote ya ubaoni, ambayo huvibananisha Jua, Dunia na Mwezi kana kwamba vimekaa benchi moja. Dunia ingekuwa chungwa, Mwezi ungekaa umbali wa machungwa 30 yaliyopangwa mstari.

Hilali inatoa ushahidi mkubwa zaidi. Huonekana mara tu Jua linapokuchwa, karibu na pale lilipozamia, ilhali kivuli cha Dunia lazima kiangukie upande ulio kinyume na Jua. Saa hiyo hiyo geuka utazame mashariki: mbingu zikiwa safi, utauona utepe wa buluu iliyokoza umelala juu ya upeo, na juu yake wekundu hafifu, ukipanda kadiri giza linavyoingia. Hicho ndicho kivuli cha Dunia kikiangukia angahewa yetu, na hilali iko mgongoni kwako. Ukiirudia hilali na kuitazama kwa utulivu, utaona kwamba hata sehemu yake ya giza ina mwangaza hafifu wa kijivu, nao ni nuru ya Jua iliyoakisiwa na Dunia.

Mwezi unapoingia kweli katika kivuli hicho, twasema umepatwa, na hilo hutokea ukiwa mpevu tu. Wavuvi wa pwani wanajua kwamba bamvua, yaani maji ya bahari kujaa na kupwa kupita kawaida, huja Mwezi unapoandama na unapopevuka, kwa kuwa nyakati hizo Jua, Dunia na Mwezi hukaribia kuwa katika mstari mmoja. Lakini njia ya Mwezi imeinama kwa nyuzi 5 hivi ikilinganishwa na njia ya Dunia kulizunguka Jua, na kwa sababu hiyo mara nyingi Mwezi mpevu hupita juu au chini ya kivuli. Usiku wa 7 Septemba 2025 Mwezi haukukikwepa, nasi wa Afrika Mashariki tuliona ukianza kumegwa saa 1:27, ukazama wote saa 2:30 na kuwa mwekundu kama shaba kwa dakika 82. Kivuli kilichukua saa moja hivi tu kuumeza Mwezi mzima, ilhali kila mwezi nuru yake hupungua taratibu kwa wiki mbili.

Dhana potofu kuhusu anga haziishii mwezini. Wengine hudhani kwamba wanaanga huelea kwa kuwa huko juu hakuna nguvu ya uvutano. Kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, kilometa 400 hivi juu yetu, uvutano ni karibu asilimia 90 ya ule wa ardhini. Wanaelea kwa sababu wao na chombo chao wanaanguka pamoja, wakiizunguka Dunia kwa kilometa 28,000 hivi kwa saa. Setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, isingeizunguka Dunia hata mara moja pasipo uvutano. Ingekwenda moja kwa moja na kutokomea.

Baridi ya Julai nayo husemwa kuwa yatokana na Jua kuwa mbali. Ni kweli kwamba mwanzoni mwa Julai umbali wetu na Jua hufika kilometa milioni 152, na mwanzoni mwa Januari ni milioni 147, lakini Julai hiyo hiyo ndugu zetu walioko Maskati wanaungua kwa joto. Sababu ni mwinamo wa mhimili wa Dunia, nyuzi 23 na nusu.

Kuhusu nyota zinazoanguka, hakuna nyota iliyowahi kuanguka. Vimondo vingi tunavyoviona usiku havizidi punje ya mchanga. Hata Kimondo cha Mbozi, kilicho miongoni mwa vikubwa vinavyojulikana duniani, ni pande la chuma lenye urefu wa takriban mita 3.