Kabla hujamlipa mtu akutoe kwenye madeni

Mwenye mikopo mitatu au minne kwa mpigo hufika mahali akawa anataka kitu kimoja tu: rejesho lipungue. Hapo ndipo tangazo la "tunanunua deni lako, unabaki na hela ya kutumia" humnasa. Ninachosisitiza ni hiki: usipime njia ya kutoka kwenye deni kwa ukubwa wa rejesho. Pima jumla ya fedha zitakazotoka mfukoni mwako hadi siku ya mwisho, kisha uliza ni mali ipi itakwenda, au mdhamini yupi ataumia, ukikwama katikati.

Chukua mwalimu wa Buhongwa, hapa Mwanza, anayekatwa shilingi 260,000 kwa mwezi na amebakiza miezi 24. Akiendelea hivyo hivyo atalipa 6,240,000. Mnunuzi wa deni, yaani mkopeshaji mpya anayelipa deni la zamani na kumwandikia mkopo mwingine, anamwahidi makato ya 150,000 tu, lakini kwa miezi 60. Hiyo ni 9,000,000. Nafuu ya 110,000 kila mwezi imemgharimu 2,760,000, na bado hatujagusa ada ya kuandaa mkopo na bima, ambazo hukatwa kwenye mkopo mpya. Kabla ya kusaini chochote, aombe kwa mkopeshaji wake wa sasa barua inayoonyesha kiasi cha kumaliza mkopo leo. Mara nyingi ni pungufu ya ile 6,240,000, kwa kuwa riba ya miezi ijayo haijafikia kutozwa. Bila namba hiyo hana cha kulinganisha.

Kuhamisha deni kuna faida pale riba inaposhuka na muda usirefuke. Anayetoka kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kali, kuingia SACCOS yake (ushirika wa akiba na mikopo), akalipa kwa miezi sita au kumi na miwili, kwa kawaida amejiokoa. Ugumu ni kwamba SACCOS hukopesha wanachama wenye hisa na akiba, na hutaka wadhamini; huwezi kujiunga Jumatatu ukapata mkopo Ijumaa.

Uingereza na Marekani zipo kampuni ambazo kazi yake ni kusimamia madeni ya watu. Unawapa fedha mara moja kwa mwezi, wanawagawia wanaokudai na kukuombea punguzo, nao wanachukua ada. Udhaifu wake ni kwamba anayekudai halazimiki kukubali mpango huo, na riba inaweza kuendelea kupanda huku ada ikilipwa kwanza. Ndiyo maana Marekani, tangu Oktoba 2010, kampuni za kupunguza madeni zinazouza huduma kwa simu zimezuiwa kutoza ada kabla hazijafanikisha makubaliano ya angalau deni moja. Kigezo hicho kinafaa Mwanza pia. Akija mtu anayesema ataongea na wakopeshaji wako, anataka "hela ya faili" kwanza na marejesho yako yapitie kwenye simu yake, achana naye. Anachokwenda kuomba unaweza kukiomba mwenyewe kwa barua ya ukurasa mmoja.

Kabla ya barua, orodhesha madeni yote kwenye daftari: ulipokea shilingi ngapi mkononi, umelipa ngapi, rehani ni nini, mdhamini ni nani. Namba ya "mkononi" ina uzito wake. Aliyesainishwa 500,000, akakatwa 25,000 ya fomu, akalipa 22,000 kwa siku 30, amepokea 475,000 na kurudisha 660,000. Hiyo 185,000 ya ziada ni karibu asilimia 39 kwa mwezi mmoja. Na kwa kuwa alilipa kila siku, kwa wastani amekaa na nusu tu ya fedha hizo, hivyo gharama halisi inakaribia mara mbili yake. Kwa wakopeshaji wasiopokea amana, walio daraja la pili chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, Benki Kuu ya Tanzania imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi.

Hata hiyo 3.5 uliza inavyokokotolewa. Milioni moja kwa miezi sita, riba ikipigwa kwenye mkopo wa awali kila mwezi, ni 210,000. Ikipigwa kwenye salio linalopungua ni 122,500.

Sasa nani alipwe kwanza? Wengi humlipa anayepiga kelele zaidi, na naona hapo ndipo biashara nyingi zinafia. Tanguliza deni lililoshika kitu kinachokuingizia riziki, mfano injini ya mtumbwi au bodaboda, pamoja na nyumba mnayoishi. Linafuata deni la kikundi, kwa sababu usipolipa wewe wenzako wanachangishwa, na VICOBA, kikundi chenu cha kuweka na kukopa, ndiyo utakayoihitaji tena. Katika yaliyobaki, anza na lenye riba kubwa.

Kwa watu wa ziwani kuna jambo ambalo afisa mikopo wa mjini huwa halioni. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea mitumbwi inapaki, na kuanzia Igombe mpaka visiwa vya Ukerewe fedha inakauka kwa siku kadhaa. Mvua nazo zikinyesha mfululizo dagaa hawakauki, wanashuka daraja na bei. Rejesho la kila wiki lililo sawa mwaka mzima haliendani na kazi hii. Mfanyabiashara wa mwaloni (soko la samaki) wa Kirumba aliyechukua mzigo kwa mali kauli, yaani alipe akishauza, analazimika kukopa kwingine ili alipe wiki ya mbalamwezi, na deni la pili linazaliwa hapo. Kwa hiyo barua yako iombe mpangilio maalumu: rejesho kubwa wiki za giza, dogo au hakuna kabisa wiki za mbalamwezi. Taja tarehe na kiasi, omba adhabu zisimame, na ambatisha kumbukumbu za mauzo. Usiahidi kiasi utakachoshindwa mwezi wa kwanza, kwani ukivunja makubaliano mapya ombi la pili halisikilizwi. Mhuri wa kupokelewa upigwe kwenye nakala yako. Malipo yapite benki au kwenye simu kwa jina la taasisi, kamwe si mkononi mwa afisa.

Soma ulichosaini. Kuna wakopeshaji wanaoandika mkataba wa mauziano ya kiwanja au pikipiki badala ya mkataba wa mkopo. Ukichelewa, mbele ya hakimu unaonekana muuzaji anayegoma kukabidhi mali. Karatasi ya namna hiyo ipeleke kwa wakili au msaidizi wa kisheria mapema, pamoja na ushahidi wote wa marejesho. Kumbuka pia nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza. Kadi ya ATM na namba ya siri si rehani hata kidogo. Aliyeishika anachota mshahara kabla yako, basi nenda benki ifungwe upewe nyingine, halafu mpe mkopeshaji mpango wa malipo kwa maandishi.

Mikopo ya kwenye simu ina balaa lake: programu huchukua majina ya watu kwenye simu yako, kisha ndugu na mabosi wanatumiwa ujumbe kwamba wewe ni tapeli. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu na majukwaa 69 ya mikopo yanayofanya kazi bila leseni. Hifadhi picha za jumbe hizo na upeleke malalamiko Benki Kuu, ambayo ina tawi hapa Mwanza.

Kudaiwa peke yake si jinai, na polisi si wakusanya madeni. Ukishtakiwa, nenda siku ya kesi. Ukilikubali deni unaweza kuiomba mahakama ulipe kwa awamu. Anayekwepa hukumu ndiye anayejiweka pabaya: mali hukamatwa, na kifungo cha madai kinaweza kufika miezi sita. Ufilisi wa mtu binafsi upo kisheria, ila naona unamfaa mwenye madeni makubwa ya kibiashara na wakili wa kumsimamia.

Ukimaliza deni lolote, dai barua ya kumaliza, hati au kadi uliyoweka, na uthibitisho kwamba taarifa zimerekebishwa kwenye kampuni ya taarifa za mikopo. Rehani iliyosajiliwa kwenye hati ya kiwanja haifutiki yenyewe. Hakikisha imeondolewa kwa Msajili wa Hati.