Kuvunja kiapo kwenye gemu: maneno ya kibandani na ukweli wake

Kwenye kibanda cha gemu Ngamiani, Tanga, skrini karibu zote ni mpira. Kompyuta moja ya pembeni ndiyo yenye Baldur's Gate 3, na juzi kelele zilitoka huko: "Umekwisha! Anza upya!" Kijana alikuwa amevunja kiapo cha paladini wake, shujaa aliyekula yamini.

Hajaisha. Katika gemu hii ya 2023, kiapo kikivunjika nguvu zake hukatika, lakini ukirudi kambini unamkuta shujaa wa deraya ambaye naye aliwahi kuvunja chake. Anakuachia uamuzi: uwe mvunja kiapo kama yeye, upate nguvu mpya, ikiwemo kuwatiisha maiti watembeao, au utoe vipande 1,000 vya dhahabu urudishiwe kiapo. Mtu akasema basi hiyo ndiyo kafara. Mh! Kafara ya yamini tunayoijua hulisha maskini kumi; hii inaishia mkononi mwa mvunja kiapo mwenzio.

Dhana ya pili ndiyo iliyokolea: eti kiapo huvunjwa na ubaya tu. Inategemea umeapa nini. Aliyekula kiapo cha kisasi anaweza kukivunja kwa kumwachia mwovu aende zake. Gemu nyingine, Pillars of Eternity ya 2015, ina kundi la mapaladini liitwalo Bleak Walkers, linalosifu ukatili. Ukiwa wao, kila ukijulikana kwa upole kinga zako zinapungua. Na humo hakuna siku ya kiapo kuvunjika. Imani hupanda na kushuka kulingana na sifa uliyojijengea. Binafsi naona hiyo ina akili zaidi, maana nani huacha imani yake kwa siku moja tu?

Wapo pia wanaodhani haya yameanza juzi. Gemu ya Ultima IV ni ya 1985. Humo kuna muuza viungo vya uganga asiyeona, anauza hata vitunguu saumu. Anakutajia bei, wewe ndiye unayeandika umelipa ngapi. Ukimpunja hakuna anayekukemea, ila gemu inakukata uaminifu kimyakimya.

Yule kijana wa Ngamiani? Hakulipa. Mfukoni alikuwa na dhahabu 340.