Uwanda wa Shira: tambarare isiyo nyepesi

Upande wa magharibi wa Mlima Kilimanjaro, kabla Kibo hakijaanza kupanda, kuna uwanda mpana wa nyasi, mawe meusi na vichaka vifupi. Hapo ndipo ilipokuwa Shira, volkano kongwe kati ya tatu zilizoujenga mlima huu. Ilididimia, likabaki bakuli kubwa ambalo baadaye lilijazwa na lava ya Kibo. Sehemu za kingo zake bado zimesimama, na ncha ya juu kabisa, Johnsell, ina mita 3,962. Uwanda wenyewe uko kati ya mita 3,500 na 3,900 hivi, na kwa macho ya mgeni unaonekana umelala sawa.

Tatizo linaanzia hapo. Kwenye mteremko mkali mtu hupunguza mwendo bila kuambiwa. Kwenye tambarare anaongeza hatua, anaona kazi imekwisha, na jioni kichwa kinampasuka. Katika mita 3,800 mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 63 ya ule wa usawa wa bahari, kwa hiyo kila pumzi inaingiza kama asilimia 63 tu ya oksijeni ambayo ungeipata pwani, hata kama njia haipandi. Mwendo unaofaa ni ule unaokuwezesha kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi. Ukianza kujibu kwa neno mojamoja, punguza.

Njia za kuufikia uwanda zinatofautiana sana, na tofauti hiyo ina uzito kuliko mandhari. Njia ya Lemosho, ambayo wageni wake huandikishwa geti la Londorossi, inalala usiku wa kwanza msituni kambi ya Mti Mkubwa, takribani mita 2,700. Siku ya pili inavuka ukingo wa Shira na kushuka kidogo hadi kambi ya Shira 1, mita 3,500 na ushei. Kutoka hapo kwenda Shira 2 ni mwendo wa saa tatu au nne, na unaongeza mita 350 hivi tu. Njia ya Machame inatoka kusini, na siku yake ya pili ni fupi lakini kali: kutoka kambi ya Machame hadi kambi ya Pango la Shira unapanda mita 800 au zaidi. Halafu kuna barabara ya gari inayopita geti la Morum na kufika uwandani penyewe, karibu mita 3,500. Anayeitumia hiyo anafika akiwa hajachoka, mwili wake ukiwa haujazoea chochote. Kwa mtu aliyelala mjini Moshi usiku uliopita, hatuoni sababu ya kuichagua kwa safari ya kilele. Kwa matembezi ya kutwa inawezekana, mradi ashuke siku hiyohiyo.

Kanuni inayotumiwa na matabibu wa milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne pawe na usiku wa ziada palepale. Ratiba nyingi za Kilimanjaro zinaivunja kanuni hii angalau mara moja. Ndiyo maana uwanda wa Shira una thamani: ni sehemu adimu mlimani ambapo unaweza kulala usiku mbili bila kupanda sana. Mwenye siku ya ziada aitumie hapa. Asubuhi apande hadi miamba ya Cathedral kwenye ukingo wa kusini, kisha alale Shira 2. Siku inayofuata, njia inapanda hadi Lava Tower, mnara wa mwamba wa lava ulio takribani mita 4,600, na kushuka kulala kambi ya Barranco, chini ya mita 4,000.

Kichwa kuuma pale Lava Tower ni jambo la kawaida. La kuangalia ni kama maumivu yanapungua baada ya kushuka, kunywa maji na kupumzika. Kichwa kikiuma pamoja na kichefuchefu, kukosa hamu ya kula au kizunguzungu, huo ni ugonjwa wa mwinuko, na mgonjwa hapandi tena hadi dalili ziishe. Kuna vipimo viwili ambavyo kila mwenzake anaweza kufanya bila kifaa. Cha kwanza: mgonjwa atembee kwa mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akiyumba au kuanguka, ubongo huenda umeanza kuvimba. Cha pili: msikilize akiwa ameketi. Akihema bila kufanya kazi yoyote, au akikohoa povu, huenda maji yanajaa kwenye mapafu. Hali zote mbili ni za kushusha mtu saa hiyohiyo, hata usiku, angalau mita 300 na mara nyingi zaidi, hadi apate nafuu dhahiri. Oksijeni inasaidia njiani, lakini haichukui nafasi ya kushuka. Na kufika Morum si kushuka vya kutosha. Gari liendelee hadi chini kabisa. Dawa ya kinga, asetazolamidi, ipo, ila izungumzwe na daktari kabla ya safari, hasa kwa mwenye mzio wa dawa za salfa.

Ukungu ni adui wa pili. Asubuhi anga huwa safi, lakini kuanzia saa sita hivi mawingu hupanda kutoka msituni na kuufunika uwanda. Mawe ya lava yanafanana, na bakuli la Shira halina mteremko wa kukuonyesha upande wa kushuka. Ondokeni saa mbili asubuhi au kabla. Ukungu ukiingia, kundi lisogee pamoja, wa mbele amwone wa mwisho. Mkipoteza njia, rudini hadi alama ya mwisho mliyoiona. Marundo ya mawe yanayoonyesha njia yaachwe yalivyo, na msiongeze ya mapambo: mgeni anayekuja nyuma kwenye ukungu atayafuata. Ngurumo zikisikika, shukeni kutoka Cathedral na kingo zote.

Kuhusu tope kuna jambo ambalo wengi hulikosea kwa nia njema. Usiku maji yaliyomo kwenye udongo huganda na kuchomoza kama sindano zilizosimama, zikiinua punje za udongo na vijiwe juu yake. Ukiinama asubuhi mapema utaziona kando ya njia, za urefu wa kidole au pungufu. Jua likipanda zinayeyuka, na udongo ulioinuliwa unabaki umelegea. Mtembeaji anaona tope katikati ya njia, anakanyaga pembeni penye nyasi. Anayemfuata anakanyaga pembeni zaidi. Mizizi iliyokwisha kulegezwa na barafu inang'oka, na mvua inabeba udongo. Mimea ya huku hukua polepole mno, kwa hiyo kovu hilo hudumu miaka mingi. Vaa buti zisizopitisha maji, pita katikati ya tope. Majani makavu yanayoning'inia kwenye shina la senesio kubwa nayo yasichomolewe: ndiyo blanketi la mti dhidi ya baridi ya usiku.

Usiku joto hushuka hadi chini ya sifuri, kwa hiyo mfuko wa kulalia uwe wa nyuzi 10 chini ya sifuri. Mchana jua linachoma hata penye wingu. Kofia, miwani na mafuta ya kinga ni lazima. Beba lita 3 za maji kwa siku. Maji ya kijito yachemke kwa dakika 3 kamili, maana huku huchemka kwenye nyuzi 87 hivi. Kwa sababu hiyohiyo, maharage makavu yaacheni nyumbani, hayataiva.

Moto wa kuni hauruhusiwi. Vichaka vya uwandani huwaka vikiwa vibichi, na upepo wa mchana hauna kizuizi. Moto wa Oktoba 2020 upande mwingine wa mlima ulichukua siku kadhaa kudhibitiwa. Jiko la gesi liwekwe juu ya mwamba mtupu au udongo usio na nyasi, na mtu mmoja asiondoke hapo hadi lizimwe.